Periwinkle ya Jamaica: chai ya ugonjwa wa sukari iliyotuachia dawa ya saratani

Kuna ua moja utalikuta kwenye bustani karibu kila mji wa joto duniani, petali tano, pinki au nyeupe, majani yananing'inia kidogo na kung'aa na mshipa mweupe katikati, halihitaji maji mengi na mifugo haina habari nalo kwa sababu ya uchungu. Mombasa lipo, Dar lipo, Unguja lipo, watu wanalipanda kwa urembo na wengi hata jina lake hawajui. Jamaica wanaliita periwinkle, na kule kwa miaka mingi lilikuwa dawa ya jikoni kabisa, majani yanachemshwa, mgonjwa wa kisukari anapewa anywe kama chai. Wataalamu wa mimea wanaliita Catharanthus roseus, zamani walikuwa wanaliita Vinca rosea, na hilo jina la zamani ndo limezaa majina ya dawa mbili za saratani ambazo leo zipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, vinblastine na vincristine.

Stori ya huu mmea ikisimuliwa kila mtu anabeba kipande kinachomfaa. Kuna wale wa "bibi zetu walijua, wazungu wakaiba, kwa hiyo chemsha majani unywe achana na hospitali", meseji zao mnazijua, zinakuja asubuhi na mapema kwenye magrupu ya familia zikiwa zimefowadiwa mara nyingi. Alafu kuna wale wasomi wa upande wa pili, ukitaja tu mti shamba wanacheka, wao wanakwambia maabara ndo iliyopata dawa, chai ilikuwa porojo. Mimi naona hawa wote stori hawajaifuata mpaka mwisho. Watu wa Jamaica walikosea ugonjwa, mmea hawakukosea, na ukilishika hilo utaona mambo mawili ambayo wengi hawataki kuyaweka pamoja: kwamba majani haya hayafai kuchemshwa na kunywewa, na kwamba wale waliokuwa wanayachemsha bado wanadai.

Tuanze na Madagascar maana huko ndo kila mtu anakimbilia. Ni kweli mmea asili yake ni Madagascar, Mfaransa Étienne de Flacourt aliyekuwa gavana wa koloni lao kusini mwa kile kisiwa aliuandika kwenye kitabu chake cha mwaka 1658, karne iliyofuata mbegu zikawa zimefika Paris, kutoka Paris zikaenda kwa Philip Miller kwenye bustani ya Chelsea pale London, mwaka 1759 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, akaupa jina, na baada ya hapo ukazunguka dunia na meli za Wazungu kama ua la kupamba bustani. Sasa hebu fikiria hiyo maana yake nini kwa Caribbean. Waafrika waliokuwa Jamaica walitolewa Afrika Magharibi na ya Kati, huu mmea kwao haukuwepo, na Wahindi walioanza kuletwa mashamba ya miwa mwaka 1845 nao walikuta ua lipo bustanini. Yani hakuna aliyerithi hii dawa kutoka enzi za mababu, watu walikutana na mmea mgeni kwenye nchi ambayo wenyewe walikuwa wageni wa kulazimishwa, wakaanza kuujaribu.

Hii mimi naona ni sehemu nzuri kuliko zote na haisemwi. Tumezoea kusikia "elimu ya asili" kama kitu kilichoganda, kimekuwepo tangu dunia iumbwe, bibi kampa bibi mpaka leo. Jamaica haikuwa hivyo, ile elimu ilitengenezwa pale pale ndani ya karne moja au mbili, na watu ambao daktari hawakuwa na uwezo wa kumlipa, wanaonja, wanaangalia nani kapona nani kazidiwa, wanaambiana. Ni utafiti, japo hauna daftari.

Na kwa nini kisukari? Hapa mimi nina maoni yangu. Ufilipino nako walikuwa wanautumia mmea huu huu kwa sukari, Afrika Kusini pia, na Uingereza iliwahi kuuzwa dawa ya viwandani iliyotengenezwa na majani yake inaitwa Vinculin, nayo kwa wagonjwa wa kisukari. Inawezekana habari ilisafiri na mabaharia, ila mi naamini kilichofanya kazi zaidi ni ile hesabu ya ulimi ambayo hata sisi tunayo: sukari ni tamu kwa hiyo kichungu kitaishusha. Jamaica wana cerasee, ambayo ni karela ya porini, wanaichemsha wanakunywa kusafisha damu na kushusha sukari, chungu balaa. Huku kwetu mtu mwenye sukari ataambiwa mwarobaini, ataambiwa shubiri, ataambiwa anywe juisi ya karela asubuhi kabla hajala kitu. Hakuna aliyeambiwa ale embe.

Uchungu kweli una habari ndani yake, sio ujinga. Mmea hauwezi kukimbia, kwa hiyo mingi inajilinda kwa kemikali, na ulimi wa mtu umeumbwa uzitambue kabla hazijafika tumboni. Periwinkle ina alkaloidi zaidi ya mia moja, ni mojawapo ya mimea iliyojaa kemikali hizo kuliko mingi unayoijua. Kwa hiyo aliyeonja akasema "humu kuna kitu" alikuwa sahihi asilimia zote, kilichomshinda ni kujua hicho kitu kinafanya nini, na kwa vifaa vya jikoni asingeweza kujua hata angekuwa na akili kiasi gani.

Mwaka 1952 daktari mmoja wa Black River, mji mdogo kusini magharibi mwa Jamaica, anaitwa C. D. Johnston, alituma bahasha Canada ikiwa na majani 25 ya periwinkle na maelezo kwamba watu kule wanakunywa chai yake wakikosa insulini. Aliyetumiwa ni daktari Clark Noble wa Toronto, na huyu bwana historia yake inauma kidogo. Mwaka 1921 alikuwa mwanafunzi, yeye na mwenzake Charles Best walipangiwa kumsaidia Frederick Banting kwenye ile kazi ya kongosho, ya kuitafuta insulini, wakarusha shilingi nani aanze, Best akashinda, alafu Best hakutoka tena mpaka insulini ikapatikana, jina la Best liko kwenye vitabu na la Clark Noble hulijui mpaka uambiwe. Miaka zaidi ya 30 baadaye ndo anapokea bahasha ya majani ya kisukari. Yeye hakuyafanyia kazi, akampa mdogo wake Robert Noble aliyekuwa mtafiti Chuo Kikuu cha Western Ontario.

Robert akatengeneza maji ya majani, akawanywesha panya, sukari haikushuka, hamna kitu. Watu wengi hapo wangetupa. Yeye akaona ajaribu kuwachoma sindano, kwa kiwango kikubwa zaidi, na hapo panya wakaanza kufa, ila hawakufa kwa sukari kushuka, walikuwa na majipu na maambukizi mwili mzima, vijidudu ambavyo panya mzima anaishi navyo bila shida vimewamaliza ndani ya siku chache. Walipopima damu wakakuta chembe nyeupe zimeporomoka, na uboho wa mifupa, kiwanda chenyewe cha damu, umezimwa. Sasa mtu mwingine anaona sumu anaandika "sumu" anafunga faili, lakini Noble alijiuliza, kama hii kitu inazima chembe nyeupe kwa nguvu hivi, itafanya nini kwa mgonjwa wa lukemia ambaye shida yake ni chembe nyeupe zinazozaliana bila breki?

Mkemia Mwingereza Charles Beer akajiunga naye 1954, kazi ya kuitafuta kemikali yenyewe kwenye ule uchafu wote wa majani ikawa yake, na mwaka 1958 wakaitangaza New York kwenye mkutano wa kisayansi, ndo vinblastine. Kampuni ya Eli Lilly ya Marekani nayo ilikuwa inafukuzia mmea huo huo kwa njia yake, mtafiti wao Gordon Svoboda aliuingiza kwenye majaribio kwa sababu ya zile habari za Ufilipino, wakaona panya wenye lukemia wanaishi muda mrefu zaidi, na wakatoa ndugu wa vinblastine, yani vincristine, ikaidhinishwa Marekani 1963. Kwa hiyo timu mbili tofauti, moja imeongozwa na chai ya Jamaica, nyingine na chai ya Ufilipino, chai zote za sukari, zimefika kwenye saratani. Ukiniambia hiyo ni bahati tupu sikubali, bahati ilikuwa kwenye ugonjwa, ila mmea ulikuwa umeshachaguliwa na watu wa kawaida kati ya maelfu ya mimea.

Zinavyofanya kazi si ngumu kuelewa. Seli ikitaka kugawanyika inatengeneza nyuzi nyembamba za protini ambazo kazi yake ni kuvuta kromosomu nusu huku nusu kule, kama timu mbili za kuvuta kamba. Vinblastine na vincristine zinaishika ile protini kabla haijawa kamba, seli inabaki imekwama katikati, haigawanyiki, inakufa. Saratani inagawanyika haraka kwa hiyo inaumia zaidi, ila na seli za nywele zinagawanyika, na za uboho zinagawanyika, ndo maana ya yale madhara ya kemo mnayoyaona. Vincristine yenyewe uboho haiuumizi sana kama vinblastine, yenyewe inapenda mishipa ya fahamu, mtoto anapata ganzi vidoleni, anashindwa kunyanyua unyayo akitembea, taya linauma, choo kinakuwa kigumu.

Kichupa cha vincristine ni kidogo, maji meupe tu ukiyaona utadhani ya kawaida, inakaa kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8, na kipimo cha mtu mzima kwa mara moja mara nyingi hakizidi miligramu 2. Miligramu mbili, hiyo hata ncha ya kidole haijazi. Na ina onyo ambalo ni la kutisha, inapigwa kwenye mshipa wa damu tu, ikiingizwa kwa makosa kwenye maji ya uti wa mgongo mgonjwa karibu kila mara anakufa. Imetokea nchi mbalimbali, hospitali kubwa zenye wataalamu, kwa sababu watoto wenye lukemia wanachomwa pia dawa nyingine uti wa mgongo siku hizo hizo, sindano zinabadilishana. Ndo mpaka Shirika la Afya Duniani likashauri mwaka 2007 iwekwe kwenye mfuko mdogo wa dripu, isiwekwe kwenye bomba la sindano, ili hata mtu akichoka vipi asiweze kuchanganya.

Sasa rudi kwa anayekwambia chemsha majani. Ili kupata gramu moja ya hizi dawa kiwandani yanatumika mamia ya kilo ya majani makavu, mpaka tani na zaidi, kwa hiyo kikombe chako cha chai hakina dozi ya kutibu saratani hata unywe mpaka uvimbe. Na kidogo kilichomo tumbo halikipokei vizuri, wale panya walionyweshwa si hawakupata kitu? Hiyo ndo sababu bibi wa Jamaica alikunywa miaka na hakudondoka. Ila kitu kutokukuua leo hakukifanyi kuwa salama, majani ya mti huu na mti ule hayana nguvu sawa, humo kuna hizo alkaloidi nyingine kibao, mjamzito asiuguse kabisa, na mtu anayetumia dawa zingine hajui kinachogongana huko ndani. Kuhusu sukari yenyewe, zipo tafiti za baadaye za wanyama zilizoonyesha inashuka kiasi, lakini hakuna majaribio ya binadamu ya kumfanya mtu aweke insulini pembeni, na mimi hatari kubwa naiona hapo, kwenye insulini iliyowekwa pembeni wiki tatu "tuone chai inavyofanya" kuliko kwenye chai yenyewe.

Nani anamdai nani? Mfano wa Madagascar unatumika kila sehemu kwenye mijadala ya wizi wa mimea: nchi maskini, ua lake, kampuni ya Marekani ikavuna mamilioni, nchi haikupata hata senti ya mrabaha. Kwamba Lilly ilipata hela nzuri ni kweli. Lakini mmea ulishatoka Madagascar karne mbili kabla, ulikuwa unaota India, Jamaica, Texas, popote, Lilly yenyewe baadaye ilikuwa inalima Texas. Na Madagascar, hasa kule kusini pakavu, wanauza mizizi na majani kwa wafanyabiashara wa dawa, wanapata bei ya malighafi, ambayo ni ndogo, ila ni biashara. Jamaica ilitoa kitu kingine, ilitoa taarifa. Majani 25 hayakuwa na thamani yoyote Canada, wangeweza kuyapata kwenye bustani ya maua, chenye thamani ilikuwa ile karatasi iliyosema watu wanakunywa hii. Na kwenye karatasi hiyo daktari ana jina, waliokunywa hawana. Mimi ningekuwa hakimu ningesema Jamaica inadai zaidi kuliko Madagascar, na ajabu kwenye mijadala Jamaica inatajwa kama kituo cha posta tu.

Wapo watakaosema sheria haikuwepo, mkataba wa dunia wa bioanuwai, yani wa kulinda mimea na viumbe, ni wa 1992, itifaki ya Nagoya ambayo inataja wazi elimu ya jadi ni ya 2010, huwezi kumhukumu mtu wa 1952. Sawa, kisheria wako sahihi. Ila angalia Jamaica walichofanya walipopata watu wao maabara: Manley West, mtafiti wa dawa wa Chuo Kikuu cha West Indies, alisikia wavuvi wanasema wakitumia bangi wanaona vizuri usiku baharini, hakucheka, akashirikiana na daktari wa macho Albert Lockhart, na mwaka 1987 wakatoa Canasol, dawa ya matone ya presha ya macho. Habari za kijiweni kama zile za chai, tofauti ni nani alikuwa amekaa karibu akasikia.

Na sisi huku hili jambo linatuhusu zaidi ya ua la bustani. Mwaka ule ule wa 1958 Noble na Beer wanatangaza vinblastine, daktari Denis Burkitt wa Mulago, Kampala, alichapisha habari za uvimbe wa mataya kwa watoto wa Afrika, ambao leo unaitwa limfoma ya Burkitt, unaopatikana sana kwenye maeneo ya malaria kama mwambao wa Ziwa Victoria. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianza 1967 kama kituo cha kutibu ugonjwa huo, na vincristine ni mojawapo ya dawa za matibabu yake mpaka leo. Kwenye saratani ya ngozi ya Kaposi, iliyotuumiza sana miaka ya Ukimwi, ipo pia. Lukemia ya watoto ambayo kabla ya dawa hizi ilikuwa karibu ni hukumu ya kifo, kwenye nchi tajiri sasa watoto karibu 9 kati ya 10 wanapona. Kwetu hatujafika huko, mtoto anachelewa kufika, nauli imeisha, dawa imekatika. Na kukatika sio kwetu tu, mwaka 2019 kampuni ya Teva iliacha kuitengeneza, Marekani ikabaki na Pfizer peke yake, hospitali za watoto kule zikaanza kugawana vichupa. Dawa ya zamani, ya bei rahisi, haina faida kubwa, kampuni hazina hamu nayo. Hapo ndo ningependa hasira za wale wa meseji zielekee.

Ningependa pia tuige kitu kimoja cha Caribbean. Wana mtandao unaitwa TRAMIL, umeanza 1982, unaenda kwenye nyumba za watu kuuliza wakiumwa kitu fulani wanatumia mti gani kwanza, na kama angalau asilimia 20 ya waliohojiwa wanataja mti ule ule kwa ugonjwa ule ule, wanaupeleka maabara, alafu wanarudi kuwaambia wananchi huu tumia hivi, huu ni sumu acha, huu bado tunaangalia. Hawaanzi na kemikali, wanaanza na jiko. Na wanarudisha majibu, hilo ndo watafiti wengi wanalisahau, wanakuja wanahoji wanaondoka na shahada.

Mwaka 2022 timu ya mwanasayansi wa Marekani Jay Keasling ilitangaza kwamba imeifundisha hamira kutengeneza malighafi mbili za vinblastine bila mmea kabisa, wamechukua maelekezo ya kijenetiki ya periwinkle wakayapandikiza humo. Ikifika viwandani mkulima wa kusini mwa Madagascar atakosa hata ile bei ndogo, na deni litakalobaki ni la taarifa tu. Mkutano wa bioanuwai wa Cali, Colombia, 2024 ulikubaliana kuwe na mfuko, ukazinduliwa Februari 2025, kampuni zinazopata faida kwa kutumia data za kijenetiki zichangie asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato, na angalau nusu iende kwa watu wa asili na jamii za wenyeji. Mkutano huo huo ukatambua pia mchango wa watu wenye asili ya Afrika, ambao wajukuu wa wanywa chai wa Black River ndo wamo humo. Kuchangia ni hiari.